JE, ALIYEKUINGIZA HUMO AMEWAHI KUPITA HUMO?



Mpendwa msomaji, karatasi hii haikufika mkononi mwako kwa bahati tu. Labda umepewa na kijana getini mwa uwanja, labda umeikuta kwenye kiti cha daladala, labda umefungiwa karanga. Vyovyote vile, isome mpaka mwisho ndipo uitupe. Nataka kukuuliza swali moja ambalo mimi niliulizwa na mtoto wa dada yangu, na siku ile nilikosa jibu, mimi ninayesimama madhabahuni kila Jumapili.

Swali ni hili: mtu akikutengenezea jaribu, akakuingiza ndani yake na kufunga mlango nyuma yako, ana haki gani ya kukuhukumu ukishindwa, kama yeye mwenyewe hajawahi kulipita?

Usijibu haraka. Sisi wapendwa tuna majibu mengi ya haraka.

KIJANA NA MAPANGO YAKE

Mpwa wangu ana kompyuta. Usiku anakaa nayo mpaka jogoo wa kwanza, anajenga. Anajenga nini? Magereza ya chini ya ardhi! Siku nilipoyaona yale mapango, mienge ukutani, mifupa inayotembea na silaha mkononi, nilikemea hapo hapo kwa Jina la Yesu, na nikamwambia mashine ile itachomwa moto mbele ya kanisa. Hakubishana. Alisema tu, "Mjomba, kabla hujaichoma, naomba ukae hapa ucheze dakika kumi."

Basi nikakaa. Na wewe kaa kidogo nikueleze, manake bila kuujua ujenzi wenyewe hutaelewa swali lake.

Mchezo unaitwa Legend of Grimrock. Ulitengenezwa Finland na kampuni ndogo iitwayo Almost Human, ukatoka mwaka 2012. Habari yake ni ya wafungwa wanne. Mfalme anawasamehe makosa yao, lakini msamaha wenyewe ni wa ajabu: wanapelekwa juu ya mlima, wanasukumwa shimoni, halafu watafute njia wenyewe, ghorofa kwa ghorofa kwenda chini, wakiweza. (Msamaha huo nitaurudia, usiusahau.) Mwaka huo huo watengenezaji walitoa pia programu ya ujenzi, ili mtu yeyote aweze kuchora mapango yake mwenyewe na kuwapa wengine wayaingie. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkesha mpwa wangu.

Kila ghorofa ni kama ukurasa wa daftari la hesabu, miraba 32 kwa 32. Unachora ukuta hapa, njia pale. Mraba huu unaweka mlango wa chuma, mraba ule unaweka jiwe la kukanyaga, halafu unaviunganisha: mtu akikanyaga, mlango unainuka. Au akikanyaga, sakafu inafunguka, anaangukia ghorofa ya chini. Kuna vyuma vya kuvuta, funguo, mashimo, na vitufe vidogo vilivyofichwa kati ya matofali, mtu asiye makini anapita bila kuviona. Wafungwa wanaona njaa, kwa hiyo mjenzi lazima awaachie chakula njiani. Wanaumizwa, wanakufa pia, kwa hiyo anaweka mahali fulani jiwe la buluu linalong'aa. Wakiligusa, majeruhi wanapona na waliokufa wanainuka.

Kumbe kujenga ni nusu tu ya kazi! Nusu nyingine ni kujaribu. Mjenzi anabonyeza kitufe, anaingia mwenyewe katika mapango yake, anatafuta makosa. Na makosa yenyewe yanafundisha. Ufunguo umewekwa nyuma ya mlango ule ule unaofunguliwa na ufunguo huo. Mtu anaangukia shimoni, na huko chini hakuna njia ya kurudi juu wala ya kuendelea mbele. Mlango unajifunga nyuma yake, na chuma cha kuufungulia kimebaki upande aliotoka. Hapo mchezaji hajafa. Yu hai, ana chakula, ana mwenge, anazunguka kuta zile zile saa nzima, na mchezo wake umekwisha bila yeye kujua. Kijana aliniambia hilo ndilo kosa baya kuliko yote, baya kuliko kumuua mtu. Aliyekufa anarudi nyuma kidogo, anaanza tena. Huyu hana pa kurudi.

Kwa hiyo wajenzi wana sheria yao. UGUMU SI KOSA. Chumba kigumu husifiwa. Lakini chumba kisicho na mlango wa kutokea ni aibu, na aibu hiyo haimwendei mchezaji, inamwendea mjenzi.

Aliniambia pia kwamba wajenzi wako wa aina mbili. Michezo hii chimbuko lake ni mchezo wa mezani wa Marekani, Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. (Huo ndio ule ambao wahubiri wa Marekani waliupigia kelele sana miaka ya 1980.) Mwaka 1975 huyo Gygax aliandaa kaburi la mitego liitwalo Tomb of Horrors, makusudi kabisa kuwashinda wachezaji hodari waliokuwa wakijivuna. Wengi waliangamizia watu wao humo. Basi kuna mjenzi anayejenga ili upite, na kuna mjenzi anayejenga ili uanguke. Ukitazama ukuta tu huwezi kuwatofautisha, manake mitego ni ile ile.

NILIPOINGIA

Nikaingia. Yeye akakaa pembeni, amefunga mdomo. Ndivyo wanavyofanya: mjenzi akimleta mtu mwingine ajaribu, haruhusiwi kumwongoza hata kwa jicho, la sivyo jaribio limeharibika.

Chumba cha tatu nilikwama. Nimegusa kila ukuta. Nimerudi, nimeenda, nimechoka. Dakika kumi zikawa arobaini. Mwishoni nikamwambia, mwanangu, hapa hakuna njia. Akashika kichwa. Kitufe kilikuwapo, lakini alikuwa amekiweka kwenye kona yenye giza ambako mwanga wa mwenge haufiki vizuri. "Mjomba, nimepita chumba hiki labda mara hamsini. Sikujua kwamba hakionekani, kwa sababu mimi nakijua kilipo."

Hebu irudie sentensi hiyo ndugu yangu. Amepita mara hamsini, lakini hajawahi kupita kama mimi. Alipita kama mwenye ramani.

Halafu, bila kunitazama, akauliza.

"Mjomba, mimi nikijenga chumba hakina njia, watu wananisema, na wana haki. Mama alipokuwa kitandani tulifunga siku tatu. Wewe ndiye ulituongoza. Mimi nilikesha nagusa kila ukuta. Hawa watu wa bandia nimewawekea jiwe la buluu kila ghorofa. Mama aliwekewa wapi?"

Mama yake ni dada yangu, tumbo moja. Tulimzika mwezi wa nne.

Nilimjibu nini? Nilisema ni mapenzi ya Mungu, nikasema kazi ya Mungu haina makosa, nikasema tutaelewa huko mbele. Yote ni kweli, lakini niliyasema kama mtu anayefunga mlango ili asisikie kilio. Rafiki zake Ayubu nao walisema maneno mengi ya kweli, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika (Ayubu 42:7). Usiku ule sikulala. Nilifungua Biblia nikitafuta aya ya kumnyamazisha. Badala yake nikakuta mtu aliyeuliza kama yeye.

AYUBU ALIULIZA KWANZA

Soma mwenyewe Ayubu 9:32-33 na 10:4. Ayubu hasemi Mungu hayupo. Analalamika kwamba Mungu si mwanadamu kama yeye, kwa hiyo watasimamaje pamoja mbele ya hukumu, na ni nani wa kati atakayewashika wote wawili? Halafu anathubutu kuuliza kama Mungu ana macho ya nyama, kama anaona vile binadamu anavyoona. Yaani: Wewe unakijua kitufe kilipo. Umewahi kusimama hapa gizani nilipo mimi?

Jamani, mtu anaweza kumwuliza Mungu hivyo na asipigwe radi! Ayubu aliuliza, na maneno yake yakawekwa ndani ya Kitabu Kitakatifu tuyasome.

Na ona lugha yetu yenyewe. Kiswahili tunatumia neno moja. Fundi anajaribu gari kabla halijasafiri. Mama anajaribu nguo. Shetani anajaribu watu. Na shida zikitupata tunasema tuko kwenye majaribu. Kwa sababu hiyo wengi wanamchanganya Mungu na Ibilisi. Yakobo 1:13 anakata kabisa: Mungu hamvuti mtu kwenye uovu. Kuna anayejenga ili uanguke, huyo tunamjua jina. Na 1 Kor. 10:13 inaahidi kile ambacho wajenzi wanakiita sheria: jaribu halitazidi uwezo wako, na njia ya kutoka itakuwepo.

Lakini kijana atasema, na wewe pia utasema: ahadi nimesikia, ila njia siioni. Ni kweli. Ahadi ya mwenye ramani haimtoshi aliye gizani. Ndiyo maana hatukupewa ahadi peke yake.

HERUFI TANO

Kuna jambo lingine la wajenzi ambalo lazima nikuambie. Mtu akichoka kujaribu mapango yake kwa shida, anaweza kutumia ujanja. Katika mchezo wa zamani, Doom, wa mwaka 1993, unaandika herufi tano, IDDQD, na kuanzia hapo hakuna kinachokudhuru. Risasi zinapita, moto hauchomi. Wachezaji wanaiita hali ya kuwa mungu! Ndivyo wanavyoiita wao, si mimi. Mjenzi anaweza kutembea hivyo mapango yake yote akasema yamekamilika, kumbe hajui chochote. Hajui chakula kinaisha wapi. Hajui mtu anaogopa wapi.

Mwaka 1994 kampuni ya Marekani, Raven Software, ilitengeneza kwa mitambo ile ile ya Doom mchezo mwingine wa uchawi na mapango, Heretic. Maana yake Mzushi! Niliposikia jina nilitaka kufunga mjadala. Lakini humo kuna jambo. Wachezaji walikuja na mazoea yao, wakaandika herufi zile zile tano ili wawe kama mungu. Unajua kilichotokea? WALIKUFA PALE PALE. Watengenezaji walizigeuza makusudi. Kijana alinionyesha akicheka. Mimi nilikuwa nafikiria mwanzo wa Biblia, Mwanzo 3, na mti, na sauti iliyosema kwamba mtafanana na Mungu.

Sasa fungua Mathayo 4. Yesu yuko nyikani, ana njaa siku arobaini. Shetani hamwambii aibe, hamwambii azini. Anamwambia, kama wewe ni Mwana wa Mungu, geuza mawe yawe mkate. Jirushe kutoka juu, malaika watakudaka. Unaona anachomshawishi? Anamshawishi aandike zile herufi! Wewe ndiye mwenye mapango haya, kwa nini uone njaa kama hawa? Akakataa. Msalabani wakamrudia tena kwa jambo lile lile, kwamba kama ni Mwana wa Mungu ajiokoe, ashuke (Mt. 27:40-42). Angeweza. Hakushuka. Wafilipi 2:6-8 inasema alijivua, akachukua hali ya mtumwa, akatii mpaka mauti. Njaa yake ilikuwa njaa. Misumari ilikuwa misumari.

Ayubu, umejibiwa. Macho ya nyama anayo! Waebrania 4:15 inamtaja Kuhani Mkuu aliyejaribiwa kwa kila namna kama sisi, bila dhambi. Haleluya!

"LAKINI ALIKUWA NA RAMANI"

Nilipompelekea kijana jibu hili nilidhani nimeshinda. Akafikiri kidogo, akasema, "Mjomba, hata kama hakutumia ujanja, alijua kwamba siku ya tatu anafufuka. Alipita kama mimi ninavyopita vyumba vyangu. Mama hakujua."

Ndugu msomaji, hilo ni swali zito, na mhubiri anayelicheka hajampenda anayeuliza. Nilikaa nalo wiki mbili.

Kwanza, Biblia yenyewe haisemi alitembea akiwa na kila jibu mkononi. Luka 2:52 inasema alikua katika hekima. Marko 13:32 anasema Mwenyewe kwamba saa ile haijui. Waebrania 5:7-8 inasema aliomba kwa kilio na machozi, na kwamba alijifunza utii kwa mateso. Pale msalabani aliuliza kwa nini ameachwa (Mk. 15:34). Mwenye ramani haulizi hivyo.

Pili, yale aliyoyajua yalimsaidia nini? Mpwa wangu akijua mtego uko mraba gani, anauruka. Ndiyo faida ya ramani. Yesu alijua msalaba uko wapi, AKAUENDEA. Gethsemane hakutokwa na jasho kama matone ya damu kwa sababu hakujua. Alitokwa na jasho kwa sababu alijua (Lk. 22:44). Sisi tunaumwa mara moja, ugonjwa unapofika. Yeye aliumwa akiwa bado njiani.

Nikamwambia, mwanangu, hebu jenga chumba, weka humo kitu kitakachokuua kweli, si mtu wa bandia, wewe. Halafu ingia kwa miguu yako kwa ajili ya mtu mwingine aliyekwama humo. Kujua kilipo kutakufanya uingie kwa furaha?

Alinyamaza. Sikusema kitu zaidi. Nilikuwa nimejifunza kwake kwamba wakati mwingine anayekaa pembeni hufunga mdomo.

Na ule msamaha wa mfalme wa Grimrock? Umesamehewa, sasa sukumwa shimoni ukajitafutie njia! Wako wengi waliookoka wanaoamini Mungu yuko hivyo. Wanaishi na hofu, wanahesabu kila hatua, mguu ukiteleza wanadhani sakafu itafunguka. Ndugu, huyo si Mungu wetu. Wetu alishuka kwanza shimoni Mwenyewe. Wakaweka jiwe mlangoni, wakalitia muhuri, wakaweka na askari (Mt. 27:66). Kama kuna chumba kilichowahi kujengwa bila njia ya kutokea, ni kile. Asubuhi ya siku ya kwanza ya juma kilikuwa wazi. Hakuna aliyekuta kitufe kilichofichwa. Yeye Mwenyewe ndiye Mlango (Yn. 10:9), na dada yangu alipofumba macho alikuwa amemshika Huyo. Kwa nini hakuponywa nikiwa nimemshika mkono, jibu hilo sina, na sitakudanganya kwamba ninalo.

Kuhusu michezo yenyewe nitasema kwa kifupi. Kama inakula usingizi wako, ada yako na maombi yako, imekuwa bwana wako, iache. Sikuichoma kompyuta. Nilimwomba tu alale saa nne, na mara nyingi halali.

Bado hajaokoka. Ijumaa huwa anakuja kwenye mkesha, anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, kabla ya maombezi anaondoka. Kile chumba cha tatu amekirekebisha: ameongeza mwenge mmoja kwenye ile kona. Mwombee.

WEWE JE?

Wewe unayesoma, najua una chumba chako. Daktari amekuambia neno. Mume ameondoka. Umegusa kila ukuta. Sikuambii utoke leo leo, wala sikuuzii mafuta. Nakuambia humo ndani hauko peke yako, na aliye nawe hakuingia kwa ujanja. Kama unataka kumshika, sema maneno haya kwa sauti yako, hata polepole:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nilitaka kuwa mungu wa nafsi yangu, nimeshindwa. Nimekulaumu gizani. Nisamehe. Naamini uliingia humu nilimo, ukafa, ukafufuka kwa ajili yangu. Nishike mkono. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina.

Umeomba? Usiende nyumbani kwanza. Wahudumu wamesimama kushoto kwa jukwaa, wamevaa vitambaa vyeupe mkononi. Mwambie mmoja wao jina lako na chumba ulichomo. Watakaa nawe hata taa za uwanja zikizimwa.